Nyuki Waliomkalia Prisila

Binadamu ana wazimu wake. Akikutana na nyoka anatimua mbio, na chui ndiyo usiseme. Lakini nyuki wakihama wakatua katikati ya watu, maelfu kwa maelfu, wameshikana bumba moja linalonguruma, watu wanakimbia mpaka kona ya kwanza tu, kisha wanageuka. Wanarudi polepole, shingo mbele, simu juu. Kila mmoja anajua kwamba wadudu wale wakichafukwa wanaua mtu mzima mchana kweupe, na kila mmoja anataka kusogea karibu kuliko jirani yake.

Na hapo hujasikia bado maneno. Nyuki hawajakunja hata mabawa, tayari yupo aliyekwisha kutoa hukumu: "Hao wametumwa." Ndivyo tunavyoamini huku Nachingwea na Ruangwa, na wala si wazee peke yao; vijana wenye simu kubwa ndio vinara. Mtu akiibiwa anakwenda kwa mganga, mganga anatuma nyuki, nyuki wanamsaka mwizi mpaka wanamkalia yeye au mali yake. Nyuki hawahongwi, hawana mjomba wala shangazi. Nani atabisha?

Prisila hakubisha, na kutokubisha kwake ndiko kulikomfikisha alikofika.

Siku ile alikuwa stendi ya Ruangwa na ndoo zake za asali, nyuki wakaja kutua kwenye kiti cha pikipiki ya kijana mmoja, Swalehe, mwendesha bodaboda. Umati ukajaa. "Pikipiki ya wizi hiyo!" Swalehe akaapa kwa Mungu na kwa mama yake kwamba kainunua kwa jasho lake, lakini kadiri alivyoapa ndivyo watu walivyozidi kumwona mwongo. Prisila akaomba njia, akajifunga kitenge, akaingiza mkono mtupu ndani ya lile bumba kama mtu anayetafuta sarafu kwenye unga. Akatoa kitu kidogo, akakitia kwenye sanduku lake la kubebea nyuki, na nyuki wote wakamfuata wakaingia. Stendi nzima ilipiga kelele. Mwanamke mmoja akamuuliza kwa sauti, "Mama, mwenye mali ndiye aliyekutuma uje kuwachukua?"

Prisila alijua vizuri kabisa kilichowaleta nyuki pale. Walikuwa wamehama mzinga wao, wamechoka, wamepumzika mahali pa kwanza walipopaona. Alitakiwa kusema maneno mawili matatu tu. Badala yake akatabasamu, akabeba sanduku lake, akapanda gari la Nachingwea. Swalehe hakuonekana tena stendi. Wanasema siku hizi anabeba abiria Masasi.

Basi tangu siku hiyo jina la Prisila likawa Mama Nyuki, na jina likamfaa. Kule kwao Naipingo watu walikuwa wakiibiana korosho juani zilikoanikwa, kuku, hata sufuria lenye maharage jikoni. Kwa Prisila haikupotea hata kijiko. Mlango wake haukuwa na kufuli. Watoto walikuwa wakipita mbali na banda la mizinga wakinong'onezana, naye akiwaona anakohoa kidogo makusudi ili wakimbie. Alifurahi, na tusimlaumu sana. Mjane wa kijijini akiheshimiwa hupata usingizi.

Ujane wenyewe aliupata kwa hao hao nyuki. Mumewe, Tadeo, alikwenda kurina asali kwenye mti akiwa amelewa, na kienge cha moto mkononi, akawaunguza nyuki badala ya kuwafukiza. Walimshukia wote. Watu waliokuwa naye walikimbia, kila mtu na roho yake. Aliyerudi kumvuta Tadeo alikuwa mwanamke mmoja tu, amejifunika blanketi, akimburuta kwa miguu mpaka nje ya kichaka huku nyuki wakimwingia masikioni. Tadeo alifariki njiani kuelekea hospitali. Yule mwanamke alivimba uso hata watoto wake hawakumtambua, akalala ndani wiki nzima hajui usiku wala mchana.

Mwanamke huyo alikuwa Fatu.

Prisila na Fatu walichezwa unyago mmoja. Mmoja wa kanisani, mwingine wa msikitini, lakini ngoma huku kwetu haiulizi hayo. Waliingia ndani pamoja, wakalala mkeka mmoja, wakatolewa nje siku moja wakiwa wamepakwa mafuta ya nyonyo wanameremeta. Wakaitana somo tangu hapo. Na mliochezwa pamoja mna sheria zenu. Mwenzio akikuuliza unalolijua, humfichi. Mwenzio akiitwa mbele za watu, unasimama naye. Hizo sheria hazikuandikwa popote, ila hakuna msichana aliyetoka ndani akazisahau.

Ndiyo sababu, Prisila alipoanza kufuga nyuki (na watu walishangaa: mjane wa nyuki anawatafuta tena nyuki?) na jina la Mama Nyuki likaenea, Fatu alipomuuliza, "Somo, hebu niambie, unawafanyaje wakakufuata?", Prisila hakumficha. Alimkalisha nyuma ya banda akamwonyesha kipande cha mwanzi chenye urefu wa kidole, kimetobolewa matundu membamba, kimezibwa kwa kigunzi cha mahindi.

"Dawa yenyewe hii hapa."

"Dawa gani? Mbona mwanzi mtupu?"

"Mule anakaa mama yao. Malkia. Nyuki waliohama wamejaza asali tumboni, hawana mzinga wa kulinda, hawaumi hovyo. Wewe unaingiza mkono taratibu, unamtafuta yule mrefu, unamtia humu. Atakapokwenda yeye, wote watakwenda. Ukimweka juu ya kichwa cha padri, watamkalia padri."

Fatu alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe we mwizi wa akili za watu! Na wote wale wanaokuogopa?"

"Usimwage mchele kwenye kuku wengi."

"Mimi? Aa, somo. Lifie hapa hapa."

Na kweli likafia pale. Toka siku hiyo Fatu alikuwa msaidizi wake. Prisila anaingiza mkono, anamkamata malkia, anampokeza Fatu mwanzi, Fatu anautia sandukuni, nyuki wanafuata. Walifanya hivyo kwenye shule, kwenye nyumba za watu, mara moja ndani ya gari la mwanasiasa mdogo aliyekuja kuomba kura akajifungia choo cha jirani. Waliyacheka hayo njia nzima ya kurudi.

Mwaka huu, msimu wa kupulizia mikorosho ulipoanza, mashine ya salfa ya kikundi ikaibwa.

Asiyelima korosho hataelewa. Ua la mkorosho likiingiwa na ugonjwa wa ubwiri unga, unakuta mti umejaa majivu meupe na hukuti korosho. Salfa isipopuliziwa kwa wakati wake, mwaka mzima umekwenda. Kikundi chao cha Jitegemee kilikuwa na mashine moja tu, ya kubeba mgongoni, iliyokuwa ikizunguka shamba hadi shamba kwa zamu. Asubuhi moja mwenyekiti wao, Benedikto, alifungua ghala akakuta nafasi yake tupu. Mlango haukuvunjwa. Aliyeingia alikuwa anajua ufunguo unawekwa wapi.

Macho ya watu yakaanza kutembea, na yakawa yanatulia kwa Nuhu, mtoto wa Fatu. Nuhu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye maneno matamu na mikono isiyotulia. Alikwisha kuonywa kwa gunia la mbaazi, akaonywa kwa redio ya ustaadhi. Watu hawakusema waziwazi kwa sababu ya mama yake. Lakini wiki hiyo hiyo, kule Nambambo, mwizi wa mbuzi alikuwa amekamatwa na wananchi wenye hasira, na kilichorudishwa kwa ndugu zake kilifunikwa shuka ili watoto wasione. Kila mtu Naipingo alikuwa na habari hiyo mdomoni.

Kikundi kikakaa. Vijana wanataka msako, wazee wanataka polisi. Bibi mmoja mzee, ambaye Kiswahili alijifunza ukubwani, akapiga fimbo chini. "Mnahangaika nini? Mama Nyuki huyo hapo amekaa. Atume nyuki wake. Nyuki hawankalii ntu bure."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakamgeukia Prisila.

Angeweza kusema, "Bibi, mimi nafuga tu." Lakini ameshazoea kuogopwa, na kuogopwa ni kitamu. Tena moyoni alifikiri anatenda wema: mwizi akisikia nyuki wanakuja ataingiwa na hofu, atairudisha mashine kimyakimya, na mtoto wa watu hatachomwa. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri. "Haya. Nitawatuma. Aliyeichukua airudishe ghalani mwenyewe. Asiporudisha, nyuki watakuja, na watakayemkalia ndiye huyo huyo. Nyuki hawadanganyiki."

Mdomo huponza kichwa. Makofi yalipigwa, na katikati ya makofi Prisila akamtafuta Fatu ili wakonyezane, kama walivyozoea. Fatu alikuwa anatazama chini, anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. Prisila akadhani anazuia kicheko.

Siku chache baadaye, Alhamisi, nyuki wakaja kweli. Hakuna aliyewatuma. Ni majira yao, mikorosho inachanua, wanahama wakitafuta makao, wakatua chini ya paa la ghala la kikundi. Lakini nenda kamwambie mtu wa Naipingo siku ile kwamba ni majira! Watu waliacha majembe mashambani. Shule ikatoka. Walisimama mduara mpana, kinamama wamebeba watoto mgongoni, vijana wamepanda juu ya matofali wakirekodi, wengine na fimbo mkononi, na kila nyuki mmoja alipotoka kwenye bumba kuzunguka, mduara wote ulikuwa unapumua pamoja. Nuhu naye alikuwepo. Alisimama nyuma, midomo imekauka.

Prisila akaitwa. Alikuja na sanduku lake, akaliweka chini uani pamoja na kikapu chake cha ukindu, akaegemeza ngazi ukutani. Fatu akasimama chini ya ngazi kama siku zote. Prisila aliwaza, akiwa na mkono ndani ya joto lile laini la nyuki, kwamba atawaondoa upesi, atawaambia watu kwamba nyuki wamepita kuonya tu, wanampa mwizi siku mbili. Alimpata malkia. Akamtia kwenye mwanzi, akaziba kwa kigunzi, akaushusha mkono bila kutazama chini. Vidole vya Fatu vikaupokea.

Aliposhuka ngazi nyuki walikuwa wameanza kulegea na kuruka, wingu la kahawia likizunguka uani, likimtafuta mama yao. Watu wakainama. Wingu likapita juu ya sanduku lisitue. Likashuka kwenye kikapu cha Prisila, likaanza kukifunika, ukingo kwanza, kisha mpini, mpaka kikapu hakikuonekana tena. Walizidi kuja. Wengine wakapanda kwenye kitenge chake, kwa sababu alikuwa amesimama jirani nacho.

Kwanza Prisila alifikiri Fatu amebabaika, amekosea pa kutia. Akamgeukia, akimsubiri aseme, "Yalaa, somo, nimetia sipo." Ni maneno manne tu. Fatu alikuwa amesogea nyuma, amejichanganya na wanawake wengine, mkono umeziba mdomo, kama wao.

Bibi mzee ndiye aliyeanza. "Kumbe mwenyewe!"

Usiombe yakukute. Zile kelele zilizomshangilia Ruangwa ndizo hizo hizo zilizomshukia, koo tu ndizo zilikuwa nyingine. "Nyuki wamemgeukia!" "Alidhani atawafunga macho!" "Ndiyo maana haibiwi!" Prisila alijaribu. Alisema malkia amewekwa ndani ya kikapu, akataka kuingiza mkono awaonyeshe mwanzi, lakini vijana wakapiga ukelele asiguse, asije akawatuma juu ya watu. Benedikto, mtu wa heshima, anayemwita dada siku zote, akamwambia kwa huzuni, "Dada Prisila, ulisema mwenyewe mbele yetu. Hawadanganyiki."

Akamtazama Fatu tena. "Somo, waambie. Wewe unajua."

Fatu akatikisa kichwa taratibu, machozi yanamtiririka, na watu waliokuwa karibu naye wakamshika mabega, wakimwonea huruma kwa aibu aliyotiwa na rafiki yake.

Hawakumpiga. Walimwogopa bado. Kikundi kikampa mpaka Jumapili: mashine ikirudi, mambo yatamalizwa ndani, isiporudi, ataitiwa polisi. Jioni ile video ilikuwa imeshafika Ruangwa, na wanunuzi wake wa asali wakawa wanatumiana kwa vicheko.

Kesho yake alasiri Fatu akaja. Alibeba bakuli la mbaazi za nazi, limefunikwa kwa sahani. Prisila alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, hakumkaribisha. Fatu akakaa chini kwenye mchanga.

"Nuhu ndiye aliyeichukua," akasema.

"Nilishajua."

"Ameificha kwa rafiki yake, kule Nambambo. Hajaiuza. Somo, sikupanga. Wallahi sikupanga. Umenipa ule mwanzi, nikaona watu wote wanatazama, nikaona vijana na fimbo zao, na Nuhu anatetemeka pale, mtu yeyote akimtazama vizuri anajua. Nikaona kikapu. Mkono ukaenda wenyewe."

"Mkono haujiendei, Fatu."

"Ninaye mmoja, somo. Mmoja tu amebaki. Uliona walichomfanyia yule wa Nambambo?"

Prisila alikuwa amejiandaa kumfukuza. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno, makali, ya kumchoma mtu mpaka mfupa. Lakini akilini alimwona Nuhu akiwa mchanga, mgongoni kwake, maana Fatu alipolala ndani na uso umevimba kwa ajili ya Tadeo ni yeye Prisila aliyembeba mtoto yule, yeye na msiba wake. Akalia. Fatu naye akalia. Ndipo Fatu akatoa njia. Nuhu atairudisha mashine ghalani alfajiri ya Jumapili. Na mkutanoni yeye Fatu atasimama aseme kwamba malkia alimweka yeye kikapuni, alikuwa anamfanyia somo wake mzaha, mzaha ukazidi, akaogopa kusema. "Watanitukana. Watasema Mama Nuhu hana akili. Basi. Wewe utakuwa safi na Nuhu hataguswa."

"Na siri ya mwanzi itatoka."

"Itoke. Kwani tumekula nini kwa siri hiyo?"

Prisila akachukua kijiko. Wakala mbaazi zile kutoka bakuli moja, na alipokwenda kulala alilala kweli. Alikuwa amemsamehe. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo, kwamba alimsamehe na akashiba.

Jumapili, watu walipotoka misa ya kwanza, mgambo Abdala alikuja nyumbani kwake na wajumbe wawili. Walisema kuna mtu amewaambia wakatazame kwenye banda la mizinga. Hawakumtaja ni nani. Prisila aliwaonyesha njia mwenyewe, kwa dharau. Abdala akainua makuti, akaivuta mashine ya salfa, nzima, na chupa yake ya petroli imefungwa.

Akili ya mtu anayependa ina ujinga wake. Njia nzima kuelekea ghalani, huku Abdala akiwa ameibeba mashine mbele yake na watoto wakiandamana, Prisila alijiambia: Nuhu ni mpumbavu, ameogopa kufika ghalani kukipambazuka, ameitupa popote. Somo ataeleza. Akaingia mkutanoni kichwa kiko juu, hata watu wakashangaa.

Benedikto akauliza kama yupo wa kumsemea. Desturi ni hiyo. Fatu akasimama. Alikuwa amevaa kanga mpya.

"Huyu ni somo wangu," akasema. "Tumechezwa pamoja. Mnajua nilivyoumwa na nyuki kwa ajili ya mume wake. Hakuna aliye karibu naye kunizidi."

Prisila alimtazama kwa moyo wote, akimsaidia kwa macho, kama unavyomsaidia mtoto anayesoma somo kanisani kwa mara ya kwanza.

"Ibilisi humpitia kila mtu," Fatu akaendelea. "Mjane ana shida zake, na shida haina adabu. Mashine imerudi. Mimi kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hawezi kusema kwa aibu, napiga magoti." Akapiga magoti. "Naomba mumsamehe."

Vigelegele vilipigwa. Wanaume walikohoa, wengine wakajifuta macho. Hata Benedikto alitoa leso. Nani asiyependa kusamehe, na mali yake imerudi? Kikundi kikamsamehe Prisila palepale, kwa makofi, kwa kauli moja, na wakamtaka aseme neno la shukrani.

Prisila akasimama. "Nimesamehewa nini?" akauliza.

Watu wakaguna. "Nshukuru mwenzio," yule bibi akamkaripia. "Kapiga magoti kwa ajili yako, nawe una kiburi!"

Mlangoni alisimama Nuhu, na nyuma yake vijana walewale wa fimbo, sasa wanacheka, wamelegea, mmoja amemtupia Nuhu mkono begani. Prisila aliona kwamba neno lake moja lingeweza kuukaza tena mkono ule. Aliona pia kwamba pengine wasingeamini, na angekuwa mwizi anayesingizia mtoto wa aliyemwombea. Alitafuta macho ya Fatu, na Fatu hakumkwepa. Alimtazama moja kwa moja, akiwa bado kwenye magoti, kama mtu anayemwomba mwenzie jambo dogo.

Prisila akakaa.

Sasa mikorosho imeshapuliziwa mara ya pili. Naipingo wanamtendea Prisila vizuri sana, na wema huo ndio unaomchosha. Wanamsalimu kwa sauti ya hospitali. Akiingia dukani, mwenye duka anamchangamkia huku anaisogeza droo. Akinamama wa jumuiya walimtembelea wakamwombea dhidi ya roho ya wizi, naye akafumba macho akaitikia amina, angefanyaje? Ruangwa haendi tena. Alikwenda mara moja, dereva wa bodaboda akamuuliza kama nyuki wamekubali kurudi kazini, na stendi nzima ikacheka. Alisimama pale na ndoo zake akamkumbuka Swalehe, akaona haya, akageuza.

Nuhu ndiye aliyepewa kazi ya kupulizia mashamba ya kikundi mwaka huu. Wanasema ametulia.

Wiki iliyopita Prisila na Fatu walikutana kisimani, wao wawili tu. Kwa mbali mashine ilikuwa inanguruma kwenye mikorosho ya mtu. Fatu aliweka ndoo yake chini, akasimama njiani ili asipitwe.

"Utaninunia mpaka lini, somo? Hakuna aliyekugusa hata unywele. Wamekusamehe. Mwanangu wangemchoma moto." Alikuwa anayaamini anayoyasema, alikuwa ameshayasema mara nyingi peke yake. "Wewe ni mtu mzima, una jina, una nyuki wako, watu wanakuogopa. Nuhu ana mimi tu."

Prisila alijitwisha ndoo yake, akaiweka sawa kichwani, akangoja maji yatulie.

"Na mimi nilikuwa na wewe tu," akasema.

Fatu aliinua ndoo yake. Akasogea pembeni, na Prisila akapita.